Mashine ya Baba Mdogo na Yowe la Mama

Mtu akianza kunisifia jinsi simu zilivyoleta maendeleo Bariadi, namwacha amalize. Kisha namuuliza kama amewahi kumwona mwanaume mzima, mwenye heshima zake, amesimama juu ya kichuguu, ameinua simu kwa mkono mmoja anatafuta mtandao, huku ng'ombe wake wote wanaswagwa kwenda zao. Wengi hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu mwanaume huyo alikuwa baba yangu, na aliyemkosesha mtandao alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Nitamsema baba mdogo bila kumpamba. Amekwisha kufa, na najua marehemu hasemwi vibaya, lakini alikuwa hai miaka mingi na hakuna aliyemsema, kwa hiyo naona zamu yangu bado haijapita.

Alikuwa mpimaji wa pamba kwenye ushirika, enzi zile bado tuko mkoa wa Shinyanga. Wakulima waliijua mizani yake, au niseme waliujua mkono wake, maana mizani ilikuwa nzima. Ni mkono uliokuwa unajua pa kukaa. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi waliingia na mizani zao na mikono yao, ushirika ukafa, godauni likabaki la popo. Baba mdogo hakulia. Alisema sasa ni ruksa, kila mtu auze anachoweza. Akaenda Mwanza, akarudi na madishi na mabunda ya waya, akaanzisha kebo.

Kwa wasioikumbuka kebo ya miji midogo, ilikuwa hivi: madishi juu ya bati, chini yake chumba kilichojaa ving'amuzi, na waya mmoja mweusi unaotoka dirishani na kupita nguzo hadi nguzo, nyumba hadi nyumba. Mteja hachagui sana. Anatazama kilichowekwa na aliyekaa chumbani. Aliyekaa chumbani nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nimeachika, na baba mdogo akaniambia njoo ukae hapa, kazi yako ni kubadilisha vituo na kusikiliza matusi. Matusi yalikuwa mengi. Tamthilia ikikatika nilitukanwa kwa simu. Mpira ukikatika walikuja wenyewe, na siku moja jiwe lilitua juu ya bati kabla sijafungua mlango.

Waya ule aliuvuta mpaka kijijini kwetu bondeni, na si kwa upendo. Tajiri mmoja alikuwa amejenga kule kiwanda cha kuchambua pamba, kiwanda kilikuwa na umeme, na wasimamizi wake walitaka taarifa ya habari na mpira. Pembeni ya kiwanda baba mdogo akasimamisha banda la kuonyeshea mechi, mabenchi ya mbao na spika mbili kubwa kama makabati. Vijana wa kijiji walihamia humo.

Halafu ikaja kampuni ya simu. Ilisimamisha mnara wake kilimani mjini, na barabarani watu wakaanza kutembea wakipiga kelele, haloo, haloo, nakusikia. Bondeni kwetu mtandao haukushuka, kilima kiliuziba. Kampuni haikuona sababu ya kujenga mnara wa pili kwa ajili ya wafugaji na wakulima wa pamba. Ilimtazama baba mdogo, ikauona waya wake.

Aliyenieleza mpango alikuwa fundi wa kampuni, kijana mtanashati kutoka Mwanza, na kueleza alijua. Picha za televisheni zinazotoka kwenye dishi na sauti za watu zinazotoka kwenye mnara zote ni mawimbi, alisema, na yote lazima yachakatwe kabla hayajaingia kwenye waya.

"Sasa dada, kwa nini tuwe na majiko mawili? Tunaweka jiko moja, sufuria mbili."

Mashine moja ingechakata televisheni ya kebo na simu za mnara, ikavisukuma vyote pamoja kwenye waya ule ule mweusi, na kule bondeni, juu ya nguzo ya kiwanda, antena ndogo ingezichomoa simu na kuzirusha hewani. Kampuni ilete mashine, baba mdogo atoe chumba na waya. Mashine iliteremshwa kwenye treni Malampaka, ikaja na lori imeviringishiwa magodoro, ikafungwa ukutani pembeni ya kiti changu. Ilitoa joto na ilinguruma kutwa nzima.

Jiko moja lina moto wake. Hilo fundi alilisema pia, ila kwa sauti ya chini kidogo. Moto ukienda wote kwenye sufuria moja, nyingine haichemki. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari miwili, wa bluu wa televisheni na wa kijani wa simu, na ule wa kijani aliuwekea kufuli usishuke kupita mahali fulani. Makubaliano yalikuwa simu kwanza. Baba mdogo alimchomea fundi mbuzi, wakashinda wanakunywa, na kesho yake kufuli halikuwepo.

Sasa nije kwa baba. Baba alikuwa mfugaji, na ng'ombe wake ndio walikuwa ada zetu za shule, mahari ya kaka zangu, na uzee wake na mama. Hakuwa na akiba nyingine popote. Pia alikuwa mtemi wa sungusungu wa kijiji. Sungusungu ni wanakijiji wenyewe wanaojilinda na wezi wa mifugo, na silaha yao kubwa si mishale, ni yowe. Sisi tunaliita mwano. Mwizi akionekana, mwanamke anapiga yowe, wa nyumba ya pili analipokea, wa tatu analipokea, na kila mwanaume anayelisikia lazima aache alichoshika akimbie. Asiyekimbia hutozwa faini, na akirudia hutengwa, asiuziwe hata chumvi.

Yowe la kijiji chetu lilikuwa mama. Alizaliwa Kiloleli, kwenye mashamba ya mpunga, akakua akifukuza ndege kutwa kwa koo lake. Watu wa kijiji cha pili walilijua yowe lake kama unavyomjua mtu kwa kikohozi. Wezi waliwahi kuwaacha ng'ombe njiani wakakimbia kwa kulisikia tu. Baba alijivunia. Pale shikome, kwenye moto wa wanaume, aliwaambia wageni kwamba kwa mahari aliyotoa alipata mke na kengele ya kijiji juu yake. Mama aliyasikia hayo akiwa jikoni na alikuwa anacheka.

Simu zilipofika bondeni, baba aliuonea mwano aibu. Alinunua simu, akaitengenezea mfuko wa ngozi wa kuvaa shingoni, akaanza kusema kwamba kupiga mayowe ni mambo ya porini. Msimu mmoja mtu alipiga mwano kwa ugomvi wa walevi tu, kijiji kizima kikaacha pamba iliyochumwa shambani, mvua ikainyeshea. Baba akaitisha mkutano, akatunga sheria. Kuanzia leo mtu akiona mwizi anampigia simu mtemi, mtemi anawapigia makamanda, makamanda wanawapigia watu wao. Atakayepiga yowe kabla mtemi hajathibitisha kwa simu, faini yake mbuzi. Watu walipiga makofi.

Mama aliuliza swali moja. "Na simu isipopokelewa?"

"Simu haikauki koo," baba akajibu, na wanaume wakacheka sana.

Mimi huko mjini nilikuwa naitazama mistari miwili kila siku, na kila Jumamosi ya mpira nilimwona baba mdogo akija, akiinama juu ya bega langu na kuusukuma ule wa bluu juu. Wa kijani ulishuka wenyewe. Mara ya kwanza nilimwambia simu za bondeni zitakuwa zinagoma.

"Kuna aliyekuja kulalamika?" akauliza.

Nikasema hakuna.

"Basi."

Kwa jibu lile ndipo nilipoanza kumchukia, kwa sababu lilikuwa la kweli. Televisheni ikikatika, mtu anajua wa kumtukana. Simu ikigoma, mtu anailaumu simu yake. Anaitikisa, anatoa betri anaifuta kwenye shati, anasema labda salio, labda mawingu, anasogea hatua mbili anajaribu tena. Haimjii akilini kwamba kuna mtu mjini amekaa kwenye kiti akasogeza mstari. Baba mdogo alilijua hilo kama alivyojua zamani kwamba mkulima hutazama mshale wa mizani, hatazami mkono. Nilipomweleza baba, alinikatiza.

"Mdogo wangu ana mkataba na kampuni. Wewe una nini?"

Sikuwa na kitu, isipokuwa macho.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa na mechi kubwa ya Ulaya, na baba mdogo alikuwa ameongeza kituo cha pili chenye mechi nyingine saa ile ile, ili banda la bondeni liwe na televisheni mbili. Alinitoa kwenye kiti akakaa mwenyewe. Aliusukuma wa bluu mpaka wa kijani ukabaki uzi. Nilimwambia awaachie watu kidogo, saa zile ndizo ng'ombe wanakunywa lamboni.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, mayu," akasema.

Mayu ndivyo wazee wetu wanavyowaita binti zao wakitaka kuwabembeleza, kama mama anavyoniita ng'wanawane, mwanangu. Nilinyoosha mkono kwenye kibodi nirudishe mstari. Aliupiga mkono wangu, akanisukuma nje, akafunga mlango kwa ndani. Nilisimama barabarani kama mjinga huku mji mzima unashangilia goli.

Yaliyotokea bondeni nimeyapata kwa mama, na kwa mchungaji wetu wa ng'ombe, na kwa wengine walioyasema bila kujua wanajichongea. Wezi walikuja lamboni mchana kweupe, bila haraka, kama watu wanaoijua ratiba ya mechi. Mchungaji alikimbia mpaka nyumbani. Baba akatoa simu kwenye mfuko wake wa ngozi, akampigia kamanda wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. Akapanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, akainua mkono. Mama akaja akasimama chini.

"Nipige?" akamuuliza.

"Subiri, inaita."

Haikuwa inaita. Upande wa Mwanhuzi vumbi la ng'ombe lilikuwa tayari linanyanyuka. Mama akarudia kuuliza, baba akamwambia asubiri, sheria ni yangu mwenyewe nitaivunjaje, na akaendelea kubonyeza. Mama akajifunga kanga kiunoni, akapanua kifua, akapiga.

Anasema lilitoka zuri. Ni mtu asiyejisifu, lakini hilo husema: lilitoka kama la ujanani. Jirani wa kwanza alilisikia, akatoka nje, akafungua mdomo alipokee, akakumbuka mbuzi. Akarudi ndani kuchukua simu amuulize mtemi kama ni kweli. Simu ikagoma. Akakaa kusubiri mtandao. Wa nyumba ya pili hakulisikia la wa kwanza, akasikia la mama tu, kwa mbali, naye akaifuata simu yake. Na vijana, wale wa kukimbia, walikuwa bandani mbele ya televisheni mbili na spika kubwa. Mmoja alinieleza baadaye kwamba alilisikia vizuri kabisa, akamtambua mama, akajaribu kumpigia baba, akaona hakuna mtandao, akajiambia kama lingekuwa jambo zito mtemi angekuwa ameshapiga. Alinieleza hayo akiwa anakula muwa.

Baba na mchungaji walifuata nyayo wawili peke yao mpaka nchi kavu ya Meatu. Walirudi kesho yake na ndama mmoja aliyevunjika mguu, ambaye wezi wenyewe walikuwa wamemtupa. Zizi lilibaki wazi, lango limelazwa pembeni, na hakuna aliyelinyanyua.

Mkutano wa sungusungu ulifanyika kwenye uwanja wa godauni la zamani la ushirika. Baba mdogo alikuja na fundi. Fundi alifungua kompyuta yake juu ya paja, akatazama, akasema kwa adabu kabisa kwamba mashine haikuwa na hitilafu yoyote, na kwamba saa ile hakuna simu iliyopigwa kutoka kwa mtemi.

"Kwa hiyo mzee, huku inaonyesha hukupiga."

Baba aliitazama simu yake shingoni, kisha akamtazama yule kijana. Sijawahi kumwona mtu anaambiwa mwongo kwa upole namna ile. Simu ikishindwa kuingia, mashine haina habari nayo. Fundi alilijua hilo na akanyamaza.

Nikasimama. Wanawake hawasimami ovyo kwenye mkutano ule, lakini nilikuwa nimechoka kukaa. Nilisema yote, kufuli, mbuzi wa kuchoma, mstari wa bluu, mlango uliofungwa. Nilisema walioiba ng'ombe ni wawili, mmoja alikuja lamboni na mwingine alikaa kwenye kiti changu. Nilidhani nimeshinda.

Baba mdogo alisimama polepole, akakung'uta suruali.

"Kabla hamjanihukumu," akasema, "walioutazama mpira ule bandani kwangu wanyooshe mikono. Nataka kuwaona mahakimu wangu."

Hakuna mkono uliopanda. Watu walitazama chini kama waliodondosha sindano. Hapo akasimama kamanda mmoja, ambaye kila mtu alijua anakaa benchi la mbele bandani.

"Kuna jambo la sheria limesahaulika," akasema. "Yowe lilipigwa bila mtemi kuthibitisha. Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma."

Nilisikia uwanja mzima unashusha pumzi. Walikuwa wamepata pa kutazama. Wakamgeukia mama, aliyekaa chini na wenzake miguu ameinyoosha, sauti bado imemkauka tangu Jumamosi. Wakamgeukia na baba. Angeweza kusema sheria ile imekufa na ng'ombe wangu. Angeweza kuvua utemi akauacha pale kwenye vumbi. Ningemheshimu mpaka leo. Alitazama mbele, hakumtazama mkewe.

"Mbuzi," akasema.

Wezi hawakutozwa kitu. Kampuni haikutozwa kitu. Baba mdogo hakutozwa kitu. Aliyetozwa ni mtu mmoja aliyefanya kazi yake siku ile. Mama alikwenda nyumbani, akarudi anamvuta mbuzi jike, mali yake mwenyewe aliyompata kwa kuuza karanga, akamfunga kwenye mguu wa kiti cha baba na kuondoka. Walimchinja pale pale. Baba mdogo alipewa ubavu, akaula, na mimi nilimwangalia mpaka alipoumaliza. Kesho yake sikwenda kazini, wala hakunitafuta. Alimweka mtu mwingine kwenye kile kiti, na kebo ikaendelea.

Mama alinunua simu. Ilikuwa ndogo, ya mitumba, kibonyezeo kimoja kimefutika namba. Tangu siku ya mkutano ule hakupaza tena sauti ndani ya boma letu. Hakumwita baba, hakumjibu kwa mbali, hakumfukuzia hata kuku. Ugali ukiiva aliuweka kizingitini mwa jiko, akachukua simu yake na kumbipu baba, aliyekuwa amekaa shikome, mahali ambapo unaweza kurusha gunzi la mahindi likamfikia. Simu ya baba ililia mara moja ikakatika. Naye akanyanyuka, akaja, akachukua chakula chake, akarudi. Mwanaume kwetu hafuati chakula jikoni bila kuitwa, na baba alikuwa ameshapoteza mengi, hilo hakutaka kulipoteza.

Waliishi hivyo. Walioingia na kutoka waliona ni utani wa wazee, wakausimulia mjini, watu wakacheka. Mimi nilijua hesabu yake, kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni ya mashine ile. Jumamosi za mpira mstari wa kijani ulishuka kama kawaida, na hakuna aliyekwenda kulalamika.

Nilikuwepo Jumamosi mojawapo. Ugali uliiva, mama akauweka kizingitini, akabonyeza simu, ikagoma. Akaiweka chini, akafunika sahani. Baba alikuwa shikome, simu ameilaza gotini, anaitazama, na kutoka upande wa kiwandani spika za banda zilikuwa zinanguruma. Alijua chakula kiko tayari. Harufu ya mlenda ilikuwa imejaa uani. Hakunyanyuka. Giza liliingia, ugali ukapoa, ukafanya ngozi juu.

Nilimwambia mama amwite basi kwa mdomo, neno moja tu, mzee atalala njaa.

"Sina mbuzi mwingine, ng'wanawane," akasema, na akaanza kuosha vyombo.